Presha na ugonjwa wa ini: dawa ipi kwa hatua ipi

Mtu mwenye presha akiambiwa kwamba hata ini lake lina tatizo, kwa kawaida huuliza: dawa ipi haitaniharibia ini? Jibu litamtuliza, kwa sababu dawa nyingi za presha haziharibu ini. Linalotakiwa kumtia hofu ni jingine. Ini gonjwa hubadilisha namna mwili unavyoipokea dawa, na likizidi kuugua hubadilisha hata presha yenyewe. Dawa iliyomfaa mtu kwa miaka mingi inaweza kumwangusha mwezi ambao tumbo lake limeanza kujaa maji, ingawa kidonge ni kilekile na dozi ni ileile. Ndiyo maana nalinganisha dawa hizi kwa kufuata hatua za ugonjwa, na kila jozi hapa chini isomwe kwa swali moja: ini langu limefika wapi?

Hatua tatu, kabla ya kidonge chochote

Hatua ya kwanza ni ini lenye ugonjwa lakini bado lina nguvu: mafuta kwenye ini, homa ya ini ya B au C ambayo haijaacha makovu mengi, vipimo vya damu vilivyopanda kidogo. Wagonjwa wengi wako hapa. Kwao dawa za presha huchaguliwa karibu sawa na kwa mtu mwingine yeyote, kwa dozi za kawaida. Nalisisitiza hili kwa sababu wapo wanaoacha dawa ya presha wakidhani wanalipumzisha ini. Mafuta kwenye ini hutembea pamoja na presha, kisukari na uzito mkubwa, na kinachowaua zaidi watu wenye hali hiyo ni magonjwa ya moyo na mishipa. Kuacha dawa ya presha ili kulilinda ini ni kuuacha wazi mlango ambao ndio hatari hupitia.

Hatua ya pili ni sirosisi, yaani ini lililojaa makovu na kusinyaa, lakini bado linajikimu. Hakuna maji tumboni, hakuna manjano machoni, mgonjwa hajawahi kutapika damu wala kuchanganyikiwa.

Hatua ya tatu ni sirosisi iliyolemewa. Moja au zaidi ya dalili hizo imeshatokea.

Madaktari hutumia kipimo cha Child-Pugh kugawa sirosisi. Huangalia bilirubini (rangi ya manjano kwenye damu), albumini (protini inayotengenezwa na ini), muda wa damu kuganda, maji tumboni na hali ya akili, kisha hujumlisha alama: 5 hadi 6 ni A, 7 hadi 9 ni B, 10 hadi 15 ni C. Mwenye sirosisi ana haki ya kumuuliza daktari wake, "Niko A, B au C?" Vipeperushi vingi vya dawa hupanga dozi kwa herufi hizo, na mfamasia akiijua herufi yako atakusaidia vizuri zaidi.

Sasa jambo ambalo wengi hawaambiwi. Sirosisi ikikomaa, mishipa ya damu ya tumboni hutanuka na damu nyingi hubaki huko, kwa hiyo presha ya mwili mzima hushuka. Aliyekuwa na 160 anapima na kukuta 115. Anafurahi, anadhani amepona presha, na anaendelea na vidonge vilevile. Kumbe kushuka huko ni dalili kwamba ini limefika pabaya. Kwa wagonjwa wenye maji tumboni imeonekana kwamba wale ambao wastani wa presha yao ni milimita 82 au chini huishi muda mfupi kuliko walio juu ya hapo. Wastani huo hupatikana hivi: chukua namba ya chini mara mbili, ongeza ya juu, gawa kwa tatu. Mwenye 110/65 ana wastani wa 80. Kwa mtu mwingine hiyo ni presha ya kupongezwa. Kwa mwenye maji tumboni ni sababu ya kuzipitia upya dawa zake zote.

Lisinoprili au losatani?

Jozi hii naipa nafasi kubwa kwa sababu ndiyo inayowachanganya watu zaidi.

Ukitazama njia ya dawa peke yake, lisinoprili inashinda. Ini haliigusi. Inafanya kazi kama ilivyo na inatoka kama ilivyo kwa mkojo. Kaptoprili nayo haihitaji kuamshwa na ini. Ndugu zake enalaprili, ramiprili na perindoprili humezwa zikiwa zimelala, na ini ndilo huzigeuza kuwa dawa kamili, kwa hiyo ini likiwa dhaifu kazi hiyo inaweza kuchelewa au kupungua.

Losatani hupita kwenye ini na kugeuzwa huko kuwa kitu chenye nguvu zaidi. Kwa wenye sirosisi isiyo kali, kiasi cha losatani kwenye damu kilikutwa kuwa takriban mara tano ya kile cha watu wenye ini zima. Ndiyo sababu wao huanza na miligramu 25 mahali ambapo wengine huanza na 50. Telmisatani, ya kundi la losatani, iko mbali zaidi, kwani karibu yote hutoka kwa njia ya nyongo. Mwenye njia ya nyongo iliyoziba au ini lililochoka sana hatakiwi kuitumia.

Hivyo katika hatua ya kwanza zote mbili zinafaa, na mwenye kisukari kinachotoa protini kwenye mkojo hufaidika na yoyote kati yake kwa sababu hulinda figo. Hazimezwi pamoja. Lisinoprili huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu kisichoisha, na hao huhamia losatani. Katika hatua ya pili ningeegemea lisinoprili kwa dozi ndogo, au losatani kuanzia 25, huku figo na potasiamu vikipimwa wiki moja au mbili baada ya kuanza na kila dozi inapopandishwa.

Hatua ya tatu inaziondoa zote mbili mezani.

Hapo ndipo hoja ya "haipiti kwenye ini" inapowapoteza watu. Presha iliposhuka, mwili ulijitetea kwa kumwaga homoni za renini, angiotensini na aldosteroni, na angiotensini ndiyo inayofanya figo ziendelee kuchuja. Lisinoprili na losatani huizuia angiotensini, kila moja kwa njia yake, kwa hiyo kumpa mgonjwa huyo mojawapo ni kama kung'oa mwimo unaozuia ukuta ulioinama. Ukuta hauulizi mwimo uling'olewa kutoka upande gani. Figo zinaweza kusimama ndani ya siku chache. Miongozo ya vyama vya wataalamu wa ini vya Ulaya na Marekani inasema wazi kwamba wenye maji tumboni wasipewe dawa za makundi haya mawili. Kama uliandikiwa mojawapo kabla tumbo halijajaa, na hakuna aliyekuuliza kuihusu tangu lilipojaa, iulizie wewe, na usisubiri tarehe ya kliniki.

Amlodipini au nifedipini?

Zote mbili hutanua mishipa, na zote mbili huvunjwa na ini. Tofauti yake ni mwendo.

Amlodipini ni ya polepole. Katika mwili wa kawaida nusu yake hutoka baada ya saa 30 hadi 50, na kwa mwenye ini dhaifu muda huo hufika saa 56 hivi. Maana yake ni kwamba ukianza leo, au ukipandisha dozi leo, utaona nguvu yake yote baada ya siku kumi na mbili hivi. Anayepandisha dozi kila baada ya siku tatu kwa kuwa "haishuki" anajilimbikizia dawa ambayo itamjia yote wiki inayofuata. Mwenye sirosisi huanza na miligramu 2.5, anasubiri, anapima, ndipo daktari anaamua.

Nifedipini ya haraka inaweza kuiangusha presha ghafla, na kwa mwenye sirosisi zaidi, kwa sababu ini linaloshindwa kuivunja huacha kiasi kikubwa kiingie kwenye damu. Ikibidi nifedipini, iwe ile inayoachia dawa taratibu, na kidonge chake kisivunjwe wala kutafunwa. Juisi ya balungi nayo iachwe, maana huongeza kiasi cha nifedipini kwenye damu hata kwa mtu mwenye ini zima.

Kwa matumizi ya kila siku, katika hatua ya kwanza na ya pili, naichagua amlodipini bila kusita. Ina kasoro moja inayopoteza watu: huvimbisha vifundo vya miguu. Mgonjwa wa ini akivimba miguu, kila mtu hudhani ni ini, naye huongezewa dawa ya kukojoza ambayo haisaidii sana uvimbe wa aina hiyo. Kama uvimbe ulianza wiki chache baada ya amlodipini au baada ya dozi kupanda, na tumbo halijaongezeka, litaje hilo kabla hujaandikiwa kidonge kingine.

Verapamili na diltiazemu ziko kundi lilelile lakini hupunguza pia mapigo ya moyo. Mwenye ini lililochoka sana hupewa verapamili karibu theluthi moja tu ya dozi ya kawaida. Ukichanganya na beta bloka (kundi la atenololi na wenzake, ambalo hupunguza mapigo ya moyo), moyo unaweza kwenda polepole kupita kiasi. Waliopandikizwa ini na wanaotumia takrolimasi au saiklosporini (dawa za kuzuia mwili usilikatae ini jipya) wana sababu ya ziada ya kuziogopa, kwani huongeza kiasi cha dawa hizo kwenye damu. Na kwa kuwa takrolimasi na saiklosporini zenyewe hupandisha presha, swali hili hurudi tena baada ya upandikizaji. Amlodipini huwa kati ya dawa za kwanza kufikiriwa.

Atenololi, propranololi au karvediloli?

Hapa kuna presha mbili, na kuzichanganya kunagharimu. Moja ni ile inayopimwa mkononi. Nyingine iko ndani ya mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ini. Ini likijaa makovu, damu hukwama mlangoni, presha ya mshipa huo hupanda, na mishipa midogo ya koo la chakula na tumbo hujaa hadi inaweza kupasuka. Mtu anaweza kuwa na presha ya chini mkononi na presha ya juu ya kutisha kwenye mshipa wa ini kwa wakati mmoja. Kipimo cha mkononi hakiwezi kuionyesha.

Atenololi hutoka kwa figo, hailisumbui ini, na ukitazama njia ya dawa tu ingeonekana ndiyo bora. Lakini haitegemewi kushusha presha ya mshipa wa ini. Propranololi na karvediloli hupita kwenye ini na kiasi chake hupanda sana ini likiwa bovu, na kwa karvediloli hufika mara nne hadi saba. Hata hivyo ndizo zinazotakiwa. Mwaka 1981 Didier Lebrec na wenzake nchini Ufaransa walionyesha kwamba propranololi hupunguza kutokwa damu upya kwa wenye sirosisi, na tangu hapo dawa hizi zimekuwa sehemu ya matibabu ya ini lenyewe. Makubaliano ya wataalamu yajulikanayo kama Baveno VII, yaliyochapishwa 2022, yaliipa karvediloli nafasi ya kwanza kwa wenye sirosisi inayojikimu ambao presha ya mshipa wa ini imepanda.

Kwa mtu wa hatua ya pili mwenye presha zote mbili, sijui chaguo jema kuliko karvediloli: kidonge kimoja, kazi mbili. Lakini dozi yake ni ya ini. Huanza na miligramu 6.25 kwa siku na kwa kawaida huishia 12.5 kwa siku, wakati mgonjwa wa moyo anaweza kufikishwa 25 mara mbili kwa siku. Anayeiona 12.5 na kusema ni kidogo, aongeze, hajui inatumika kwa nini. Mwenye pumu aseme kabla, kwa sababu karvediloli na propranololi hubana njia ya hewa.

Hatua ya tatu inahitaji jicho la karibu. Namba ya juu ya presha ikishuka chini ya 90, figo zikianza kuchoka, au sodiamu ikishuka sana, daktari hupunguza au husimamisha dawa. Karvediloli hasa haifai kwa ini lililochoka kabisa. Usiziache ghafla kwa uamuzi wako, maana ulinzi dhidi ya kutokwa damu huondoka pamoja nazo na moyo nao unaweza kushtuka.

Kosa ninaloomba lisikupate ni la kliniki mbili. Kliniki ya moyo inaandika atenololi, kliniki ya ini inaandika propranololi, majina hayafanani, na mgonjwa anameza zote. Ni dawa za kundi moja. Beba vidonge vyako vyote kila unapokwenda, pamoja na vile ulivyonunua mwenyewe. Na kama unatibiwa homa ya ini ya C kwa sofosbuviri, sema mapema iwapo unatumia amiodaroni (dawa ya mapigo ya moyo yasiyo sawa), hasa ukiwa kwenye beta bloka, kwa kuwa mchanganyiko huo umewahi kupunguza mapigo ya moyo kwa kiwango cha hatari.

Dawa za kukojoza

Haidroklorothiazidi na indapamidi ni nzuri na rahisi katika hatua ya kwanza. Kadiri ini linavyodhoofika ndivyo zinavyopoteza sifa. Hutoa potasiamu na sodiamu. Potasiamu ikishuka, figo hutengeneza amonia zaidi, na ini lisiloweza kuisafisha huiacha ifike kwenye ubongo. Mgonjwa anaanza kulala mchana, kusahau, kutetemeka mikono. Familia inadhani ni uchovu.

Spironolaktoni inashindana nazo kutoka upande mwingine kabisa. Inazuia aldosteroni, homoni ileile ambayo mwili wa mwenye sirosisi humwaga kwa wingi, na inahifadhi potasiamu. Ndiyo dawa ya msingi ya maji tumboni, mara nyingi kwa kuanzia miligramu 100, na ikiunganishwa na furosemidi, dawa nyingine ya kukojoza, uwiano wa kawaida ni 100 kwa 40. Hasara zake: huweza kuwakuza wanaume matiti na kuyatia maumivu, na hupandisha potasiamu, hasa ikiwa pamoja na lisinoprili au losatani, au kwa anayetumia chumvi mbadala iliyotengenezwa kwa potasiamu.

Mizani ya uzito husaidia sana hapa. Asiye na uvimbe wa miguu asipoteze zaidi ya nusu kilo kwa siku, mwenye uvimbe asizidi kilo moja. Ukizidi hapo unaikausha damu, na figo ndizo hulipa.

Zinazoweza kuliumiza ini lenyewe

Ni chache. Methildopa inaweza kuleta homa ya ini na hairuhusiwi kwa mwenye ugonjwa wa ini ulio hai au sirosisi. Labetaloli huumiza ini mara chache, lakini ikitokea inaweza kuwa kali. Macho yakigeuka manjano au mkojo ukawa mweusi, mwone daktari siku hiyohiyo.

Jambo hili ni zito zaidi kwa mjamzito, kwa sababu methildopa na labetaloli ndizo zinazozoeleka kwa presha ya ujauzito, na lisinoprili na losatani ni marufuku kwake. Mjamzito mwenye ugonjwa wa ini akumbushe kliniki kuhusu ini lake hata kama limeandikwa kwenye kadi, ili nifedipini inayoachia taratibu ifikiriwe mapema. Maumivu ya upande wa kulia juu ya tumbo pamoja na presha kupanda kwa mjamzito ni dharura ya kwenda hospitali saa hiyohiyo.

Vinavyoharibu chaguo zuri

Kidonge cha mchanganyiko, kwa mfano losatani na haidroklorothiazidi ndani ya kimoja, kinampunguzia mtu wa hatua ya kwanza idadi ya vidonge. Kwa mwenye sirosisi napendelea vidonge vya peke yake, kwa kuwa siku ya kupunguza kimoja huwezi kukitoa ndani ya kingine.

Kati ya dawa za maumivu, ibuprofeni na diklofenaki hupandisha presha, hupunguza nguvu ya dawa za kukojoza na huumiza figo za mwenye sirosisi. Parasetamoli, ambayo watu huiogopa kwa sababu ya ini, ndiyo salama zaidi ikitumiwa kwa kiasi. Mwenye sirosisi kwa kawaida huambiwa asizidi gramu 2 kwa siku, na ahesabu pia ile iliyo ndani ya dawa za mafua. Pombe inapandisha presha na kulimaliza ini kwa wakati mmoja. Dawa za mitishamba zinazouzwa kwa jina la kusafisha ini zina tatizo kwamba dozi haijulikani, na baadhi ya mimea imewahi kuleta ini kushindwa kabisa.

Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa pamoja na ile iliyo ndani ya mchuzi wa unga, mkate na vyakula vya makopo. Mwenye maji tumboni asiipunguze hadi ashindwe kula, kwa sababu kukonda humdhuru pia.

Siku za kupiga simu

Pima presha ukiwa umekaa, kisha mara moja ukiwa umesimama kwa dakika moja au mbili. Ikishuka sana ukisimama, au ukipata kizunguzungu, andika namba zote mbili na uziwasilishe. Kutapika damu, choo cheusi kama lami, kuchanganyikiwa au mkojo kupungua sana ni vya kwenda hospitali mara moja, usiku au mchana.

Siku ya kuharisha au kutapika mfululizo ndiyo inayosahaulika. Mwili unapoteza maji huku dawa za kukojoza, lisinoprili au losatani zikiendelea kufanya kazi, na figo zinaweza kuharibika ndani ya siku mbili. Uliza leo, ukiwa mzima, ni vidonge vipi visimamishwe siku kama hiyo na virudishwe lini, na jibu liandikwe kwenye karatasi inayokaa pamoja na dawa, mahali ambapo hata anayekuuguza ataiona.